Duka la mtandaoni la kwanza: Shopify, WooCommerce au WhatsApp? Tupeane uzoefu

Loleza_Juu
Wakuu, kwenye uzi wa bei ya mchele kuna swali limepitwa. Mtu ana mchele wa Kyela, maharage na kahawa ya Mbozi, jumla bidhaa kama 15. Afungue duka wapi? Mnaoijua kazi mwageni hapa, na mseme panapong'ata.

Mbalizi_Road
Bidhaa 15? WhatsApp Business, mjadala umefungwa. Katalogi inabeba mpaka bidhaa 500 na hailipiwi. Piga picha mchana karibu na mlango, andika bei na uzito, weka lipa namba kwenye majibu ya haraka. Jioni unauza.

FundiSava
Haujafungwa, mkuu. WhatsApp haihesabu stoo. Mfuko ukiisha, katalogi inaendelea kuunadi mpaka ukumbuke kuuficha kwa mkono. Oda 5 kwa siku unazimudu. Zikifika 30, ya saa nne usiku inazama chini ya "mambo" na "bei ya mwisho?"

Mbalizi_Road
Nyie mafundi mnajitafutia kazi tu.

Kalenga88
😂😂 Nimechukua siti.

Mama_Parachichi
Shopify, yaani duka la mtandaoni unalolipia kwa mwezi, ni rahisi kuanza: siku moja duka linasimama, habari za seva (kompyuta inayobeba tovuti) huzijui. Ila hesabu zake zisome kabla hujaingia. Ada ya mwezi ni ya dola na inakatwa kwenye kadi. Kadi ikikosa salio, baada ya majaribio kadhaa duka linagandishwa. Pili, Shopify Payments, mfumo wao wenyewe wa kupokea malipo, haijafika Tanzania, kwa hiyo kwenye kifurushi cha Basic kila malipo yanayopita kwa kampuni nyingine yanakatwa 2%, nje ya makato ya hiyo kampuni. Kwenye mchele wenye faida nyembamba, hiyo 2% ni hela ya basi.
Upenyo upo. Malipo ya mkono, yaani mteja analipa kwa lipa namba halafu wewe unathibitisha, hayaguswi na hiyo 2%.

Loleza_Juu
Dada, na mtu akitaka kuhama?

Mama_Parachichi
Orodha ya bidhaa anaitoa kama faili la CSV (jedwali), anaondoka nayo. Mwonekano wa duka anauacha hapo hapo.

FundiSava
Sasa WooCommerce. Ni plagini, yaani programu ya nyongeza, ya kuendesha duka. Yenyewe ni bure, inakaa juu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Unacholipia ni hostingi (nafasi ya tovuti kwenye seva) na domeni (anwani ya tovuti). Domeni ya .co.tz isajiliwe kwa jina LAKO na barua pepe YAKO, si ya fundi. Fundi akihamia Dar na nywila zake, duka limehama naye.
Ya kurekebisha siku ya kwanza:
Sarafu weka TZS na desimali 0, la sivyo bei itasomeka 45,000.00 na watu watauliza hizo sufuri za nyuma ni za nini.
Picha ya simu ina MB 4. Ikate mraba wa pikseli 1000 kwa 1000, ishushe chini ya KB 150. WordPress inatengeneza nakala kadhaa za kila picha, na hostingi ya bei ya chini inajaa hivyo.
Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2023, duka jipya linakuja na ukurasa wa malipo wa vibloku (vipande vya kupanga ukurasa). Plagini za malipo za zamani hazionekani humo. Mtu anahangaika wiki nzima kumbe dawa ni kurudisha ukurasa wa zamani kwa kuandika [woocommerce_checkout].

Kalenga88
Hilo la vibloku umemaliza, mkuu.

Stendi_Ipogolo
Mnazungumzia desimali, hamjagusa kinachoua. Duka moja la mchele lilibakiwa na mfuko mmoja wa kilo 50. Saa 2:10 usiku mteja wa Dodoma anaweka oda, namba ya siri inaingia, hela inakatwa. Seva ya duka imelala, kwa hiyo uthibitisho wa malipo haupokelewi. Oda inabaki "inasubiri malipo". Saa 3:10 WooCommerce inaifuta yenyewe na kuuachia mfuko. Saa 3:25 mteja wa Makambako anaununua, safari hii kila kitu kinapita. Alfajiri kampuni ya malipo inatuma tena ule uthibitisho wa kwanza, oda iliyokufa inafufuka, stoo inasoma -1. Mfuko mmoja, majina mawili, basi limewasha injini.

Mama_Parachichi
Mungu wangu. Ukaenda wapi?

Mbalizi_Road
Ndiyo maana nikasema WhatsApp!!

Loleza_Juu
Mleta uzi nimesahaulika. Kosa ni la nani hapo?

Stendi_Ipogolo
Ni la setingi. Kwenye WooCommerce nenda Settings, Products, kisha Inventory, utakuta Hold stock (muda wa kushikilia mzigo wa oda isiyolipwa) imeandikwa 60. Ni dakika. Iweke 1440, siku nzima.

FundiSava
Hapana, usimdanganye mwenzako. Ukiweka 1440, mtu asiye na nia anabonyeza oda tatu, halipi, na mfuko wako unafungwa mpaka kesho. Weka 180.
Anayeanza asiunganishe kampuni ya malipo kabisa. Achukue ile njia ya malipo ya benki iliyomo, abadilishe jina iwe "Lipa Namba", aandike namba na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Oda za njia hiyo zinaingia "On hold", stoo inapungua papo hapo na hazifutwi na hizo dakika 60. Ukiona hela kwenye simu yako (si picha ya meseji aliyotuma mteja), unaisogeza mbele.

Kalenga88
Picha za meseji 🙌 watu wanazihariri mpaka salio.

Stendi_Ipogolo
Kwa oda 10 sawa. Zikizidi utakesha unathibitisha. 1440.

FundiSava
180.

Mama_Parachichi
Wakati mnagombana: usafirishaji. WooCommerce inasoma kanda (maeneo ya kupeleka mzigo) kutoka juu kwenda chini na inashika ya kwanza inayolingana. Ukiweka "Tanzania yote" juu, wa Songwe analipishwa nauli ya Mwanza. Mikoa ya jirani iwe juu. Kulipisha kwa kilo hakumo, ni plagini ya ziada. Nauli moja ya mfuko wa kilo 25, nyingine ya kilo 50, inatosha kuanzia.

Mbalizi_Road
Na ongezeni kisanduku cha "stendi ya kupokelea". Anwani ya mtaa haimsaidii kondakta.

Mama_Parachichi
Leo umesema neno. Ila Stendi_Ipogolo, mfuko ulienda Dodoma au Makambako?

Stendi_Ipogolo
Makambako. Wa Dodoma alirudishiwa hela, makato ya kutuma yakabaki kwa mwenye duka.