Taji la Louisville la 2013: benchi la ufundi likikosea, wachezaji ndio wanyang'anywe?

Mleta mada

Wadau wa kikapu, naomba tulijadili suala la kocha Rick Pitino tukiweka ushabiki pembeni. Tangu akichukue chuo cha St. John's mwaka 2023 na kukipa ubingwa wa ligi yao, Big East, msimu wa 2024/25, ugomvi ni uleule: huyu anasema mzee ameshajisafisha, yule anasema hakupaswa kukanyaga tena benchi la chuo chochote.

Historia yake kwa kifupi. Alikifikisha chuo cha Providence nne bora mwaka 1987. Akakipa chuo cha Kentucky ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1996. Akaenda timu ya kulipwa ya Boston Celtics (NBA) na mambo yakamshinda: mechi 102 alishinda, 146 alipoteza, Januari 2001 akaachia ngazi. Akarudi vyuoni, safari hii Louisville, na tarehe 8 Aprili 2013 pale Atlanta wakaifunga Michigan 82–76 kwenye fainali. Siku hiyohiyo alikuwa ametangazwa kuingia kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu.

Mwaka 2015 ikafichuka kwamba mtu wa benchi lake alikuwa akiingiza wanawake wa kulipwa bwenini, kwa ajili ya wachezaji na vijana waliokuja kukitazama chuo kabla ya kusajiliwa. Pitino alisema hakujua. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikamfungia mechi 5 kwa kutosimamia watu wake. Chuo kikafutiwa ushindi wa mechi 123, ubingwa wa 2013 ukiwemo, na Februari 2018 rufaa ikagonga mwamba. Wakati huo yeye alikuwa ameshafukuzwa, Oktoba 2017, kwa jambo jingine: uchunguzi wa FBI kuhusu mpango wa kuilipa familia ya mchezaji Brian Bowen dola 100,000.

Hayo mambo mawili tusiyachanganye. La pesa, Pitino hakuwahi kushtakiwa, na mwaka 2022 jopo huru lililosikiliza kesi hiyo halikumpa adhabu. Na leo wachezaji wanalipwa hadharani: tangu 2021 wanaruhusiwa kuingiza kipato kwa majina yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. La bwenini ni zito kuliko hilo, na hakuna kanuni mpya itakayolisafisha.

Lakini tazameni nani aliyelipa. Kwenye nane bora ya 2013, dhidi ya Duke, mchezaji wa Louisville Kevin Ware aliruka kuzuia mtupo wa pointi tatu akatua vibaya, mfupa wa mguu ukatokeza nje ya ngozi mbele ya benchi lake. Wenzake walianguka sakafuni wakilia. Yeye akiwa amelala pale akawa anawahimiza washinde. Baada ya fainali goli lilishushwa ili naye, akiwa na magongo, aweze kukata wavu, kama ilivyo desturi ya mabingwa wa vyuo. Usiku huo ndio umefutwa, na bendera ya ubingwa wake iliyoning'inizwa ukumbini imeteremshwa. Kocha akaenda Ugiriki kuinoa Panathinaikos, akabeba Kombe la Ugiriki 2019, akarudi nyumbani kupitia chuo cha Iona.

Hoja yangu: taji lirudishwe kwa wachezaji. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika kwa uchungu lakini umeruka watoto. Baadhi ya vijana waliopelekwa kwenye yale mambo walikuwa hawajafika miaka 18. Mzazi anamtuma mwanawe kukitazama chuo, anakabidhiwa kwa watu wa kocha, halafu usiku yanatokea hayo. Ukirudisha bendera, unamwambia nini mzazi huyo? Chuo kilivuna sifa kwa timu iliyokusanywa kwa njia hiyo. Acha ibaki chini.

Mchangiaji wa pili

Naongezea hapo. Taji halikufutwa kwa hasira. Kwa kanuni, waliopokea "huduma" zile walipoteza sifa ya kucheza, na mechi aliyocheza asiye na sifa haihesabiki. Michigan nao walicheza fainali ile na hawakupewa chochote. Ukianza kuchambua nani alaumiwe na nani asilaumiwe, hutamaliza.

Mleta mada

Ndugu zangu, la watoto nalipokea lote, na ndiyo maana sisemi Pitino asamehewe. Kocha anayejua kila mchezaji amelala saa ngapi na amekula nini hawezi kujitetea kwamba hakujua yaliyokuwa yakiendelea bwenini kwa miaka. Mechi 5 zilikuwa kichekesho.

Kuhusu kuchambua, NCAA wenyewe wameshaanza. Luke Hancock, aliyefunga pointi 22 kwenye fainali akitokea benchi, aliwapeleka mahakamani pamoja na wenzake wanne. Mwaka 2019 wakamalizana: ikakubalika kwamba hao watano walikuwa na sifa, na Hancock akarudishiwa tuzo yake ya mchezaji bora. Yaani leo rekodi ina mchezaji bora wa fainali ambayo haina bingwa. Kama waliweza kumtenganisha Hancock na uchafu ule, wanaweza kuitenganisha timu na benchi lake.

Pendekezo langu ni hili: kwenye orodha ya mabingwa iandikwe 2013, Louisville, na majina ya wachezaji waliothibitika kuwa na sifa. Nafasi ya kocha iachwe tupu. Anayepinga aniambie ni mzazi gani wa wale vijana atakayekuwa ameonewa kwa orodha hiyo.