Mrejesho: mimea itambaayo kwenye ukuta wa machimbo

Niliuliza kama mimea itambaayo inaweza kufunika ukuta wa mawe wa machimbo yaliyoachwa, mahali pasipo na udongo wa kushika mti. Inaweza, ila inataka kubembelezwa.

Tulichimba mashimo chini ya ukuta, tukajaza mboji, tukapanda fiwi na upupu, mikunde inayotambaa. Awamu ya kwanza ilikauka yote. Jiwe likipigwa na jua huunguza machipukizi. Ya pili tuliegemeza matawi makavu ukutani yapate pa kujizungushia. Juzi nimeng'oa fiwi moja: mizizini imejaa vinundu, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu, dalili kwamba kinanasa naitrojeni ya hewani, chakula cha mmea. Tatizo sasa ni upupu, umeanza kuikaba miche ya migunga iliyo karibu. Naupogoa kila wiki. Na maganda yake yanawasha, jamani!