Spika ndogo za rafuni za bei nafuu: nichague zipi kwa kazi ya kupima na kulinganisha?

Mpimaji_Mdogo

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wenzangu habari za saa hizi.

Nina maiki ya kupimia ya USB iliyokuja na faili lake la kurekebisha makosa, nina REW, programu ya kupimia sauti, kwenye kompyuta, na nina amplifaya ya zamani ambayo bado haijanisaliti. Nataka kununua jozi tatu za spika ndogo za rafuni, zile za bei ya chini, nizipime moja baada ya nyingine kwa njia ileile kisha niweke grafu zote hadharani. Nimechoka kusoma kwamba spika fulani ina sauti "yenye joto, inayopumua". Spika haipumui.

Tabu yangu ni kuchagua, maana nikikosea sina hela ya kurudia. Nichukue tatu zenye ukubwa mmoja? Zenye amplifaya ndani au zisizo nayo? Mpya au mitumba?

La pili. Nimejipasha kwa jozi mbili za kuazima. Spika kwenye stendi, wufa (koni kubwa ya sauti nzito) iko sentimita 80 kutoka sakafuni, maiki kimo hichohicho, umbali mita 2. Jozi zote mbili zina shimo kubwa kwenye Hz 300 hivi, kama jino lililong'oka. Ndiyo kusema spika za bei nafuu zote zina ugonjwa huu?

SikioTupu

Mkuu, masikio mawili umepewa bure. Weka wimbo unaoujua, funga macho, utakayoipenda beba. Grafu haichezeki.

Desibeli7

@SikioTupu, hapo pa kufunga macho umesema kweli kuliko ulivyokusudia. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, alifanya hivyohivyo katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada miaka ya 1980: watu wakasikiliza bila kujua spika ipi inalia. Zilizopendwa zaidi zikawa zilezile zenye mstari ulionyooka kwa mbele, na zenye mteremko laini usio na vituko kwa pembeni. Mwaka 2004 mtafiti mwingine, Sean Olive, akachukua spika 70, akatengeneza hesabu ya kukisia alama za wasikilizaji kutokana na vipimo peke yake, na uwiano kati ya makisio na alama halisi ukafika 0.86, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Kwa hiyo grafu haichezeki, ila inaweza kukwambia watu watacheza na ipi.

Shida ni kwamba wengi hufunga macho baada ya kusoma jina lililoandikwa kwenye boksi.

Fundi_Koili

Mdogo wangu, nianze na hilo jino, maana ukilielewa umemaliza nusu ya kazi. Si ugonjwa wa spika. Ni sakafu yako.

Sauti inafika kwenye maiki kwa njia mbili. Moja imenyooka, mita 2. Nyingine inashuka, inadunda sakafuni katikati ya safari, inapanda. Kwa vimo ulivyotaja, ya kudunda ina mita 2.56, yaani imezidi kwa sentimita 56. Wimbi la Hz 306 lina urefu wa sentimita 112, kwa hiyo hiyo ziada ni nusu yake kamili: moja linafika likisukuma, jingine likivuta, yanamalizana. Ungeweka hapo spika ya bei ya gari, shimo lingebaki palepale. Ukiona spika mbili zisizo ndugu zina kasoro moja mahali pamoja, shuku chumba kabla ya kushuku spika.

Tiba ni kuinua spika na kusogeza maiki karibu. Mimi naweka vyote mita 1.2 kutoka chini, umbali mita 1, katikati ya chumba, mbali na kuta. Hapo mdundo wa sakafu unachelewa milisekunde 4.7 hivi. Unaiambia REW ifunge dirisha, yaani kipande cha muda inachokihesabu, kabla ya mdundo kufika, na kilichobaki ndani ni spika peke yake. Gharama yake ni kwamba chini ya Hz 215 hivi grafu hiyo ni ya kutupa, kwa sababu dirisha fupi namna hiyo haliwezi kubeba hata wimbi moja zima. Hata juu kidogo ya hapo usijisifu. Ukiona mstari kati ya 200 na 500 umenyooka kama rula, ni dirisha limeupiga pasi.

Besi unaipima kwa maiki iliyokaribia kugusa katikati ya wufa, milimita chache tu. D. B. Keele alieleza njia hii mwaka 1974 na bado tunakula jasho lake. Kwa umbali huo sauti ya wufa inakifunika chumba kabisa. Kwa wufa ya inchi 5 amini matokeo mpaka karibu Hz 1000, usiende zaidi. Tundu la hewa la boksi lipime peke yake, na ulishushe kulingana na ukubwa wake kabla ya kulijumlisha na wufa. Halafu kuna mtego ulioninasa mimi: maiki ikiwa karibu hivyo haijui upana wa uso wa boksi. Ukikaa mbali, besi inazunguka nyuma ya boksi na kupungua hadi desibeli 6 ukilinganisha na sauti za juu. Mimi niliunga mistari miwili bila kurekebisha hilo nikatangaza nimegundua spika ya inchi 5 yenye besi ya kutetemesha milango. Watu walicheka wiki nzima. Programu ya VituixCAD ina sehemu ya kukokotoa marekebisho hayo, itumie.

Sasa kuchagua. Usitafute spika tatu nzuri. Tafuta tatu zenye tabia tofauti, na ya kwanza iwe ile ambayo jibu lake linajulikana tayari. Anayekagua mizani hubeba jiwe la uzito unaojulikana. Na wewe unahitaji jiwe lako. KEF Q150 inafaa sana. Imeshapimwa pande zote kwa mashine ya Klippel, ile ya kupimia spika, na grafu zake ziko wazi kwenye intaneti. JBL 305P MkII nayo ni hivyohivyo, ila ina amplifaya ndani, nitarudi hapo. Pima yako, lalisha mstari wako juu ya wao. Mnapoachana kwa desibeli 2, kosa ni lako mpaka uthibitishe vinginevyo. Ukikosa jiwe, utapima jozi tatu vizuri kabisa na hutajua kama zote tatu umezipima vibaya.

Q150 ina faida nyingine: twita, ile ndogo ya sauti za juu, imekaa katikati ya wufa, kwa hiyo ukisimama au ukiketi sauti haibadiliki sana. Ya pili iwe kinyume chake kabisa, zile za kawaida zenye wufa ya inchi 6.5, twita ndogo juu yake, uso bapa. Hapo ndipo utakapoona kitu. Wufa kubwa ikipandishwa hadi Hz 2500 inaanza kurusha sauti mbele kama tochi, kisha twita inapokea na kuimwaga tena pande zote. Kwa mbele mstari unaweza kuwa safi tu. Geuza spika digrii 50 uone: bonde, halafu nundu. Ya tatu iwe ile yenye twita iliyozama kwenye bakuli la kuongoza sauti, ulinganishe namna bakuli linavyoziba bonde hilo. Ukinunua tatu za umbo moja, utatumia mwezi mzima kubishania desibeli moja ambayo pengine haipo.

Kuhusu amplifaya ndani au nje: kwa jozi tatu za kwanza, zote ziwe zisizo nayo. Sababu yangu kubwa ni impidansi, yaani jinsi spika inavyoupinga umeme katika kila masafa. Hicho ni kipimo cha waya, hakijali sakafu wala kuta wala jirani, na spika yenye amplifaya ndani haikupi nafasi ya kukipima. Kinahitaji rezista moja na uvumilivu. Kwenye spika yenye tundu utaona vilima viwili na bonde kati yake. Bonde ndilo linalokuonyesha tundu limepangwa masafa gani. Kikitokea kikunjo kidogo pasipotarajiwa, kuna kitu kinatetema ndani ya boksi.

Kiwango: volti 2.83 kwenye nati za spika, pima kwa multimita ukipiga mlio wa Hz 50 au 60, kwa sababu multimita nyingi za bei rahisi hazisomi sawasawa juu zaidi. Hiyo ni wati 1 kwa spika ya omu 8 lakini ni wati 2 kwa ya omu 4. Usije ukaisifu ya omu 4 kuwa ina sauti kubwa. Imepewa chakula mara mbili.

Mitumba? Nunua ukiwa na macho. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili. Ikikwaruza, koili imeungua au imekaa upande, iache. Kagua spanji ya ukingoni, inaoza. Na pima spika ZOTE mbili za jozi. Niliwahi kununua jozi safi kwa nje, kushoto na kulia zikaachana desibeli 3 kuanzia Hz 4000 kwenda juu. Nilipofungua nikakuta twita moja ina gundi ya rangi nyingine na skrubu moja haifanani na wenzake. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba bisibisi haijawahi kuigusa.

SikioTupu

Haya, nimekaa kimya nasoma. Ila mkimaliza grafu bado mtasikiliza, sivyo?

Desibeli7

Tutasikiliza, tukiwa tumelinganisha viwango kwanza. Tofauti ya nusu desibeli sikio halisemi "hii imepanda". Linasema "hii ina uhai zaidi". Weka kitambaa chepesi kinachopitisha sauti mbele ya spika, mtu mwingine abadilishe waya, wewe uandike tu A au B.

Mpimaji_Mdogo

Ahsanteni sana, na Fundi shikamoo tena.

Nimefanya. Mita 1.2, maiki mita 1, dirisha likafungwa kabla ya mdundo. Jino limerudi mdomoni, shimo halipo tena kwenye jozi yoyote. Niliona haya kidogo, maana nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya kuzilaumu.

Nimepata Q150 na ile ya inchi 6.5 ya uso bapa, mitumba. Ya bakuli bado natafuta. Kabla ya kulinganisha chochote nilijaribu kitu: nikapima Q150, nikavunja mpangilio wote, nikalala, asubuhi nikapanga upya na kupima spika ileile. Chini ya Hz 8000 mistari miwili imeachana si zaidi ya desibeli 0.4. Juu ya hapo inafika 1.5! Spika moja, mtu mmoja, maiki moja. Nadhani kimo cha maiki kilihama kidogo.

Halafu pembe. Wanasema kupima spika kikamilifu ni vipimo 70 vya pembe mbalimbali. Kweli nipige vyote?

Fundi_Koili

Hiyo 0.4 na 1.5 iandike kwa herufi kubwa kwenye kila grafu utakayotoa. Wengi wanaoweka grafu hadharani hawajawahi kuijua ya kwao. Sasa unafahamu kwamba juu ya Hz 8000 huna haki ya kusema spika A imeishinda B kwa desibeli 1. Kwa kimo, funga uzi kwenye stendi, weka fundo linapoanguka usawa wa twita, usiamini jicho.

Sabini ni za CTA-2034, kiwango cha kupimia spika: duara la mlalo na duara la wima, kila digrii 10, ukiondoa mbili zinazojirudia mbele na nyuma. Wewe anza na nusu duara la mlalo, 0 hadi 180. Ni vipimo 19, na kama uso wa boksi unafanana kushoto na kulia, upande wa pili utakuwa uleule. Sahani ya mbao inayozunguka, karatasi yenye alama za digrii chini yake, msumari uliochongwa kuwa mshale. Uso wa spika uwe juu kabisa ya mhimili wa sahani. Usiweke katikati ya boksi kwenye mhimili, kwa sababu twita itakuwa inasogea na kuikimbia maiki kila ukigeuza. Ukitaka ya wima, lalisha spika ubavu kwenye sahani hiyohiyo. Kwa ile ya inchi 6.5 usiruke ya wima: wufa na twita zikiachana umbali, juu na chini kidogo tu kuna mashimo ya kutisha pale zinapopokezana.

Maiki ya USB haina saa moja na kadi ya sauti, kwa hiyo washa ile alama ya muda ya sauti ndani ya REW, spika ya pili ipige mlio mfupi kama kipimo cha kuanzia. Na hiyo spika ya pili isiguswe mpaka umalize.

Mpimaji_Mdogo

Nimepima 19 za Q150 usiku, mitaa ikiwa imelala. Nimelalisha juu ya grafu za watu: tumeshikana ndani ya desibeli 1 kutoka Hz 300 hadi 8000, isipokuwa kinundu kimoja karibu na 700 ambacho ni cha kwangu peke yangu. Nilihamisha kabati lililokuwa nyuma ya maiki, kikaondoka.

Leo nimeingia kwenye impidansi ya hizo za mitumba. Vilima viwili na bonde lake, kama ulivyosema. Lakini spika ya kulia ina kikunjo kidogo kwenye Hz 230 na ya kushoto haina. Nimegonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole: la kushoto linasema "tu", la kulia linasema "tung". Naenda kutafuta bisibisi.