Hesabu ya uniti kwa lebo haifanani na mita: tatizo liko wapi?

NusuUniti
Wakuu, naombeni msaada wa hesabu. Nimechukua wati za kwenye lebo ya kila kifaa, nikazidisha kwa saa za matumizi kwa siku, nikagawanya kwa 1,000, kisha nikazidisha kwa siku 30:

Friji 150W, saa 24: uniti 108
Heta ya bafuni (ya papo kwa papo) 4,500W, dakika 20: uniti 45
Pasi 1,200W, nusu saa: uniti 18
Televisheni 80W, saa 5: uniti 12
Taa 6 za LED za 9W, saa 5: uniti 8

Jumla 191. Mita kwa siku hizo hizo 30 imesoma 130. Nimekosea wapi, na nianze kubana wapi?

WayaMwekundu
Kanuni yako ni sahihi, ila saa za friji siyo. Friji huwa kwenye soketi saa 24, lakini kompresa (mashine inayopoza) huwaka na kuzima kwa amri ya thamostati, yaani kidhibiti joto. Ikiwaka asilimia 40 ya muda, zile 108 zinashuka hadi 43. Pasi ni vivyo hivyo: ikishapata moto hujikata na kurudi, kwa hiyo 18 inaweza kuwa 12 hivi. Sasa jumla ni kama 120.

Hizo 10 zilizobaki, tafuta vitu ambavyo hukuviorodhesha. King'amuzi cha 8W na ruta ya 6W vikiachwa usiku na mchana vinakula uniti 10 kwa mwezi, zaidi ya taa zako zote sita.

Angalizo: lebo ikiwa na ampea tu, usizidishe kwa volti ukadhani umepata wati. 1.2A kwa 230V ni 276, lakini hizo ni volti-ampea. Mota ya kompresa huvuta wati pungufu ya hapo, na mita za majumbani kwa kawaida huhesabu wati halisi.

FundiSoketi
Badala ya kukisia hiyo asilimia 40, pima. Mita ya kidijitali ina taa ndogo inayomulika na kuzima, na pembeni pameandikwa kitu kama 1600 imp/kWh, yaani mimuliko 1,600 ni uniti moja. Zima kila kitu, bakiza kifaa kimoja, hesabu sekunde kutoka mmuliko hadi mmuliko, kisha:

wati = 3,600,000 ÷ (namba ya imp/kWh × sekunde)

Mmuliko kila sekunde 15 kwenye mita ya 1600 ni 150W. Ukibakiza king'amuzi na ruta, utangoja karibu dakika 2 na sekunde 40, kwa hiyo usikate tamaa mapema ukadhani mita imelala.

Kwa friji njia hiyo haitoshi, maana inakupa wati za wakati kompresa imewaka tu. Tumia kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, kiache saa 24 kamili, mlango ufunguliwe kama kawaida. Kipimo hicho usikiunganishe na heta ya bafuni: 4,500W kwa 230V ni karibu ampea 20, na vingi mwisho wake ni 13 au 16. Kitaungua.

Halafu zima swichi kuu. Mita ikiendelea kumulika, kuna waya umeungwa kabla ya swichi au mita ni mbovu. Usivunje lakiri, ita kampuni ya umeme.

NusuUniti
Asanteni sana. Je, nikizima friji usiku kucha?

WayaMwekundu
Faida ni ndogo. Joto lililoingia usiku kompresa italitoa asubuhi kwa kukimbia mfululizo, na chakula kitakuwa kimepanda juu ya nyuzi 4, ambapo bakteria huzaliana. Afadhali ukague mpira wa mlango: bana karatasi, ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya joto inaingia hapo. Isogeze friji mbali kidogo na ukuta, na kama haijiyeyushi barafu yenyewe, iyeyushe kabla haijawa nene.

FundiSoketi
Kwako pa kubana ni bafuni. Lita moja ya maji kupanda nyuzi 1 inahitaji wati-saa 1.16, iwe kwa heta, birika au jiko. Heta nyingine haitapunguza hilo. Maji machache ndiyo yatapunguza. Dakika 20 za 4,500W ni sawa na lita 64 zilizopanda nyuzi 20. Watu wawili wakioga kwa ndoo, lita 15 kila mmoja, kwa joto lile lile, ni uniti 0.7 kwa siku badala ya 1.5. Unaokoa uniti 24 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa. Asiyetaka ndoo afunge maji wakati wa kujipaka sabuni. Heta za aina hii hujikata zenyewe maji yakisimama.