Askari wa Marekani walishindaje kambini majira ya baridi ya 1862 na 1863?

Mwalimu wa Nyamagana
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mwanza. Nafundisha historia sekondari, na klabu yetu inasoma Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Wanafunzi wamenibana kwa swali ambalo kitabu chetu hakiligusi. Baada ya mapigano ya Fredericksburg, Desemba 1862, majeshi mawili, la Kaskazini (la serikali ya Rais Lincoln) na la Kusini (la majimbo yaliyojitenga), yalikaa yakitazamana kuvuka mto Rappahannock, jimboni Virginia, hadi mwishoni mwa Aprili. Kwa nini hayakupigana muda wote huo, na askari wa kawaida alishinda akifanya nini?

Mkazi wa Igoma
Mwalimu, sababu kubwa ni matope. Wengi hudhani theluji ndiyo iliyowafunga, kumbe barabara za Virginia zilikuwa za udongo, na mvua za baridi zilipozilowesha hazikupitika kwa mizinga wala kwa magari ya nyumbu yaliyobeba chakula. Mnamo Januari 1863 Jenerali Ambrose Burnside wa Kaskazini alijaribu kuvuka mto. Mvua ikashuka, mizinga ikazama, wanyama wakafia njiani, na askari wa Kusini wakamwandikia mabango ya kejeli kutoka ng'ambo. Aliyewahi kukwama na lori mbugani wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Siku chache baadaye Rais Lincoln alimwondoa Burnside na kumteua Joseph Hooker.

Kuhusu makazi, walijijengea wenyewe. Watu wanne hivi walichimba shimo la kina kifupi, wakapanga magogo kulizunguka, wakaziba nyufa kwa udongo na kuezeka kwa turubai za mahema yao. Dohani ilikuwa ya vijiti vilivyokandikwa udongo, na juu yake waliweka pipa tupu ili moshi upande vizuri. Pipa hilo lilikuwa na tabia ya kushika moto, na hapo wenye kibanda walitoka mbio hata kama ni usiku wa manane.

Muuguzi Mstaafu, Pasiansi
Naomba nami niongeze, maana hapa ndipo penye uzito. Takriban theluthi mbili ya askari waliokufa katika vita hivyo waliuawa na maradhi, si risasi: kuhara, homa ya matumbo, nimonia na surua, ambayo iliwaangusha hasa vijana wa mashambani ambao hawakuwa wameiugua utotoni. Maelfu ya watu walikaa mahali pamoja kwa miezi, vyoo vikiwa mitaro ya wazi, na maji ya kunywa yakichotwa karibu. Sisi tuliohudumia wagonjwa kandokando ya ziwa hili tunajua hali hiyo huishia wapi. Kukosa mboga nako kulileta kiseyeye. Hooker, kwa ushauri wa mganga mkuu wa jeshi lake, Jonathan Letterman, aliagiza mkate mpya, viazi na vitunguu, akasimamia usafi wa kambi na kutoa likizo kwa zamu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi bora aliyoifanya katika vita vyote.

Mchuuzi wa Mwaloni
Wakubwa wamemaliza mengi. Mimi nagusia riziki na biashara. Chakula cha kila siku kilikuwa biskuti ngumu kama ubao, nyama ya nguruwe ya chumvi na kahawa. Biskuti ilivunjwa kwa kitako cha bunduki na kutumbukizwa katika kahawa ya moto. Fukusi walipoelea, askari aliwaengua kwa kijiko akaendelea kunywa. Mchana kulikuwa na gwaride, lindo na kukata kuni. Jioni ni barua na karata. Walinzi wa mtoni walitengeneza vimashua vya ubao vyenye tanga, wakavusha kahawa upande wa Kusini na kurudishiwa tumbaku, ingawa maofisa walikataza.

Mwalimu wa Nyamagana
Nawashukuru sana. Je, upande wa Kusini nao walipata chakula cha kutosha?

Mkazi wa Igoma
Hapana, Mwalimu. Kufikia Machi 1863 mgawo wa askari wa Jenerali Robert E. Lee ulikuwa robo ratili tu ya nyama ya nguruwe kwa siku, pamoja na unga. Kwa sababu hiyo jenerali wake James Longstreet alikuwa kusini-mashariki mwa Virginia na divisheni mbili, akikusanya vyakula, na askari hao hawakuwapo Lee alipopigana na Hooker huko Chancellorsville, Virginia, mwanzoni mwa Mei.