Mjadala: chuo kisake wachezaji warefu, au kwanza tujifunze kuhesabu ribaundi?

Ndugu zangu wa kikapu, kuanzia Mbeya na Songwe hadi Njombe na Iringa, kuna jambo linaniuma na nataka tulijadili waziwazi.

Chuo chetu hapa Mbeya kina fungu dogo la michezo. Kwenye kikao cha kupanga matumizi, hoja iliyoshinda ni kusaka vijana wawili watatu warefu, wa futi sita na nusu kwenda juu, wapunguziwe ada ili waje kutuchezea. Ushahidi uliotolewa ni karatasi za mechi: kila tulipofungwa, wapinzani walituzidi ribaundi, yaani kuudaka mpira uliorushwa ukakosa kikapu. Basi ikaamuliwa kwamba sisi ni wafupi, na mfupi hapati ribaundi.

Karatasi hizo naziandika mimi. Nakaa mezani na kalamu, jua au upepo, na nasema kwa moyo wote kwamba hazisemi hivyo.

Ribaundi haizaliwi mpaka mtu akose kikapu. Timu inayokosa sana inawatengenezea wapinzani ribaundi nyingi, kwa sababu beki ndiye anayesimama kati ya mshambuliaji na ringi, na mpira ukigonga chuma yeye ndiye wa karibu. Hata kwenye vyuo vya Marekani, vyenye mazoezi ya kila siku, timu inayoshambulia hudaka takriban mitatu tu katika kila mipira kumi iliyoikosa yenyewe. Kwa hiyo jumla ya ribaundi inaweza kukudanganya mchana kweupe.

Tuchukulie mechi moja ya kufikirika. Timu A imekosa mara 25, ikadaka 5 kati ya hizo, na 20 zikaenda kwa B. Timu B imekosa mara 45, ikadaka 13, na 32 zikaenda kwa A. Jumlisha: A ina ribaundi 37, B ina 33. Gazeti litaandika A imetawala ubao. Lakini gawanya sasa. A imepata asilimia 20 ya mipira iliyoikosa yenyewe, B imepata asilimia 29. Chini ya ringi yake A imelinda asilimia 71, B imelinda asilimia 80. Pande zote mbili B ndiyo iliyopigania mpira vizuri zaidi! Ila ilikosa mno. Kocha wa B akisoma jumla peke yake atakwenda kutafuta mrefu, wakati ugonjwa wake uko kwenye kulenga.

Nikakaa jioni kadhaa nikizipitia karatasi zetu kwa hesabu hiyo ya mgawo. Kwenye ringi ya wapinzani hatuko nyuma ya mtu. Tunakoanguka ni kwetu, na si mechi nzima. Robo tatu za kwanza tunalinda vizuri kabisa. Robo ya nne ndiyo mlango unakuwa wazi: mpira unaokosa unadakwa na mpinzani, anarusha tena, anakosa tena, anadaka tena. Sasa nauliza wanaotaka warefu: kuna mtu anafupika robo ya nne? Wachezaji ni walewale, kimo kilekile. Kinachopungua ni pumzi na miguu, kwa kuwa watano walewale wanacheza karibu dakika zote arobaini. Na hatuna hata kisingizio cha hewa. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wenye haki ya kuhema hapa ni wageni wa Dar es Salaam.

Najua jibu litakalokuja: mtazame Hasheem Thabeet. Sawa, tumtazame, maana ni fahari yetu. Kijana wa Dar es Salaam, sentimita 221, alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut msimu wa 2008–09 alipata wastani wa ribaundi 10.8 kwa mechi, akawa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya walioingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009. Sibezi kimo hata kidogo. Lakini tarehe 16 Februari 2009 Connecticut, wakiwa namba moja nchini humo, waliwakaribisha Pittsburgh. Kule alikuwapo DeJuan Blair, mwenye kama sentimita 201. Blair alidaka ribaundi 23 na kufunga pointi 22. Thabeet aliondoka na ribaundi 4 na pointi 5. Pittsburgh wakashinda 76–68. Blair hakuruka juu ya mtu. Alikuwa akiweka kiuno na mgongo kabla mpira haujafika ringi, akimsogeza mwenzake kule mpira usikoangukia. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East. Yaani zipo njia mbili za kuwa bora, na moja yake hainunuliwi kwa kupunguza ada.

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye huandaa vijana wa UMISSETA na ninamheshimu sana, ameniambia natetea takwimu kupita kiasi. Anasema mchezaji wake bora chini ya ringi hana ribaundi nyingi, kwa sababu kazi yake ni kumziba mpinzani kwa mgongo ili mwenzake adake. Karatasi inampa sifa aliyedaka. Hapo mwalimu amenishinda, na nakiri. Kwetu pia yupo kijana wa namna hiyo, na aliachwa kwenye kikosi kwa sababu ya karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Linaniumiza hadi leo. Mechi iliyofuata wapinzani waliokota mipira chini ya ringi yetu kama wanaokota maparachichi shambani. Tangu hapo naandika kitu cha ziada: mchezaji huyu akiwa uwanjani, timu nzima inalinda asilimia ngapi? Akitoka, inakuwa ngapi? Si kipimo kamili, mechi zetu ni chache na namba zinayumba, lakini kinamwona yule ambaye safu ya ribaundi haimwoni.

Wengine wanasema basi tuwatume wote watano wakapiganie mpira kwenye ringi ya wapinzani. Inaweza kulipa. Nusu fainali ya vyuo Marekani mwaka 2017, North Carolina walikuwa wakiongoza Oregon kwa pointi moja, 77–76, zikiwa zimebaki sekunde chache. Wakakosa mitupo huru minne, miwili kisha miwili, na mara zote mbili mpira wakaupata wao wenyewe, muda ukaisha. Siku mbili baadaye wakawa mabingwa. Ila tusisahau gharama: wote wakienda mbele na mpira ukadakwa na beki, nani anarudi kuzuia shambulizi la haraka? Kwa timu yenye miguu iliyochoka kama yetu, mimi ningetuma wawili tu, wengine warudi.

Na tusiipe ribaundi uzito usio wake. Mtakwimu Mmarekani Dean Oliver alipopima mambo manne yanayoamua mechi, aliupa ulengaji kama asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Kwetu ribaundi imebebeshwa lawama zote.

Viwanja navyo viingie kwenye hesabu. Tunachezea saruji, ringi ngumu zisizoyumba. Mpira ukigonga chuma kama hicho unaruka mbali, hadi kwenye mstari wa mitupo huru na zaidi, na hapo anayeudaka ni mwepesi aliyesoma mrusho umetoka pembe gani. Mrefu aliyesimama chini ya ringi anabaki kuutazama ukimpita juu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chuo ni hili. Kabla ya kupunguza ada ya mtu yeyote, fungu hilo lilipe msaidizi wa mazoezi ya viungo, mipira mizuri kumi, na mtu wa pili mezani, kwa sababu mmoja hawezi kuandika ribaundi na kuangalia nani alimziba nani. Tufanye msimu mmoja tu. Baada ya hapo, kama wachezaji wana pumzi robo ya nne na bado mgawo wetu uko chini, nitakuwa wa kwanza kusema tukatafute warefu.

Wanaopinga, nawasikiliza, ila njooni na mgawo, si jumla. Wenzetu wa Iringa, ninyi mnaandikaje mezani kwenu? Mnatenganisha ribaundi za kushambulia na za kulinda? Na je, robo ya nne kwenu inafanana na yetu?