Mjadala: Tuanze na msingi wa nyumba kubwa, au tukamilishe nyumba ndogo kwanza?

MADA

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, naomba tujadili kwa utulivu jambo linaloikabili kila familia iliyokwisha kununua kiwanja. Ikiwa fedha zilizopo hazitoshi kukamilisha nyumba ya vyumba vinne, je, ni sahihi kuchimba msingi wake wote sasa na kuendelea kidogo kidogo, au ni afadhali kujenga nyumba ndogo itakayoezekwa na kuhamiwa, kisha ikaongezwa baadaye? Mimi nasimama upande wa nyumba ndogo. Maboma yasiyo na paa tunayoyapita kila siku yamemeza akiba za familia ambazo bado zinalipa kodi ya pango kwingine, na wengi wa wenye maboma hayo hawakuwa wazembe, bali walipiga hesabu ya msingi wakaacha hesabu ya nyumba.

Nieleze kwa mfano. Tuseme kiwanja kina mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10, kama vilivyo viwanja vingi vya kando ya Meru na Kilimanjaro, na upande mfupi wa nyumba ndio unaofuata mteremko. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina eneo la mita za mraba 80, na ya mita 14 kwa 12 ina 168, yaani mara mbili na kidogo, kwa hiyo mwenye kiwanja hudhani kwamba gharama ya msingi nayo itakuwa mara mbili. Sivyo. Ukuta wa msingi wa upande wa chini utapanda sentimita 80 kwa nyumba ndogo na sentimita 120 kwa nyumba kubwa, na kifusi cha kujaza ndani yake kitakuwa mita za ujazo 32 kwa ile ndogo na takriban 100 kwa ile kubwa, ambayo ni mara tatu. Jamvi, yaani sakafu ya zege inayomwagwa juu ya kifusi hicho, likiwa la unene wa sentimita 10 litahitaji mita za ujazo 8 za zege kwa nyumba ndogo na karibu 17 kwa nyumba kubwa. Kwa mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, unaokula mifuko sita hadi saba ya saruji kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni kama mifuko 50 kwa nyumba ndogo na zaidi ya 100 kwa nyumba kubwa. Hapo sijagusa mawe, nondo, wala kazi ya kushindilia kifusi tabaka kwa tabaka, ambayo ikirukwa jamvi hupasuka.

Kuta zikishasimama, ndugu huja kupongeza, na mwenye nyumba huamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Kumbe bado kenchi, yaani mbao za kubeba paa, na bati, milango, madirisha na grili, nyaya, mabomba, shimo la maji taka, plasta, sakafu, rangi, na kuunganishiwa umeme na maji, na mara nyingi umaliziaji huu hula fedha sawa na za boma au zaidi. Kwetu upande wa Meru, ambako maji ya visima na mito mingi yana floraidi ya kutosha kuharibu meno na mifupa ya watoto, tangi la maji ya mvua pamoja na mifereji yake ni lazima viingizwe katika makisio tangu mwanzo, si kusubiri baki ya fedha.

Boma lisiloezekwa nalo hupigwa na masika ya Machi hadi Mei, kila mwaka. Nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, kozi, yaani safu za tofali, za juu hulegea, na maji yanayotuama ndani hulainisha kile kifusi tulichokilipia. Baya zaidi, fedha zikipungua, kinachopunguzwa kwanza ni linta, ule mkanda wa zege na nondo, ambayo hufungwa juu ya madirisha tu badala ya kuzunguka kuta zote. Mkanda huo ukizunguka ndio unaozishika kuta pamoja ardhi ikitetemeka, nasi tunaishi jirani na Bonde la Ufa. Matetemeko ya Julai 2007 kule Gelai, karibu na Oldoinyo Lengai, yalisikika hadi Arusha mjini.

Pendekezo langu ni kwamba, kabla ramani haijachorwa, mume na mke wakae na kuandika fedha walizonazo, kinachobaki kila mwezi baada ya ada na chakula, na akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya kumi. Kisha wamtafute mkadiriaji majenzi, hata kwa kazi ndogo, awaambie fedha hizo zinakamilisha nyumba ya ukubwa gani. Ramani ifuate hapo.

MCHANGO WA KWANZA, KUTOKA MARANGU

Mwanangu, hesabu zako sizipingi, lakini umeiacha nje hali halisi ya maisha yetu. Fedha iliyoko mkononi haikai. Utaipangia nyumba, msiba utaingia, mtoto atafaulu na kuhitaji ada, na ndugu atalazwa hospitali, wakati fedha iliyokwisha kumwagwa kwenye msingi hakuna awezaye kuja kuikopa. Saruji nayo, tangu nianze kujenga, sijaiona ikishuka bei na kubaki huko chini. Halafu kumbuka kihamba, yaani shamba la ukoo tunalorithishana sisi Wachaga. Nyumba ya kihambani ndiyo inayopokea ukoo mwezi wa Desemba, na ndipo tunapozikana. Sasa mtu akiweka kijumba cha vyumba viwili katikati ya kihamba kilichokwisha kugawanywa kwa ndugu, nafasi ya kuongeza ataipata wapi? Nimeona pia waliokusudia kuongeza wakalazimika kubomoa paa zima, wakalipia bati mara mbili.

MCHANGO WA PILI, KUTOKA USA RIVER

Shikamoo Mzee. Naomba niseme kwa upande wetu sisi wapangaji. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila nikiilipa, ujenzi wetu unasimama. Ushauri wa kukopa benki, ambao wengine hutupa, hautufai, kwa sababu kiwanja chetu hakina hati, tuna karatasi ya mauziano tu iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa. Vyumba viwili vyenye paa vingetuondolea kodi hiyo, na fedha ileile ndiyo ingeongeza chumba cha tatu.

JIBU LA MWANZISHA MADA

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kwamba fedha ya mkononi haikai, na hoja hiyo ni nzito kuliko zote. Hata hivyo, kuikinga si lazima iwe kwa msingi. Bati na nondo zikinunuliwa mapema na kutunzwa pakavu hukaa miaka, ila saruji isinunuliwe kwa akiba, kwa kuwa hupoteza nguvu ikilala ghalani miezi kadhaa.

Kuhusu kihamba na paa, ramani ichorwe ya nyumba nzima tangu siku ya kwanza, na kijengwe kipande chake tu, kikikaa pembeni badala ya katikati. Paa liwe la pande mbili, lenye ukuta wa pembetatu mwishoni, ili nyongeza iendelee kwa urefu bila kugusa bati za zamani. Na kwenye ukuta huo linta ipite juu ya nafasi ya mlango wa baadaye, iliyozibwa kwa tofali.

Mahali ambapo msimamo wangu unalegea ni kwenye tambarare zenye udongo mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Huko msingi wa kwanza na wa nyongeza huweza kutitia kwa viwango tofauti na kuta zikaachana kwenye maungio. Kwa kiwanja cha namna hiyo nakubaliana na Mzee kwamba msingi wote umwagwe kwa mara moja, mradi familia iwe na fedha za kuufikisha hadi kwenye jamvi kabla ya masika, na makisio ya kuezeka angalau vyumba viwili juu yake yawe yamekwisha kuandikwa.